Kuliona Bunge Likiketi na Kulizunguka Jiji la Dodoma: Mwongozo Kamili

Watu wengi hufika Dodoma kwa kuitwa: semina, usaili, kikao cha wizara, kufuatilia faili. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanamaliza kilichowaleta, wanaondoka. Ukiwauliza wameona nini watakutajia vumbi na upepo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kwa hiari yake. Kwa maoni yangu, hakuna sababu nzuri ya kwenda Dodoma kama kukaa asubuhi nzima kwenye jukwaa la wageni, ndani ya Ukumbi wa Bunge, ukasikiliza sheria na fedha za nchi yako zikijadiliwa mbele ya macho yako. Ukumbi upo mjini, hulipi kiingilio, na kilichomo ni chako. Jiji nalo huishi kwa kuufuata ukumbi huo, kuanzia bei ya chumba hadi msongamano wa bajaji saa mbili asubuhi. Kwa hiyo tutaanza na Bunge, halafu tutatoka nje.

Tenga siku nne kama unaweza. Mbili zinatosha kwa Bunge na mji, lakini utaikosa Kondoa na michoro yake ya kale ya miambani, na Kondoa si ya kukosa.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe

Bunge haliketi mwaka mzima. Kwa kawaida kuna mikutano minne: mmoja kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari, wa bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mwingine kati ya Agosti na Septemba, na wa mwisho Novemba. Mwaka wa uchaguzi ratiba hubadilika, kwa sababu Bunge huvunjwa. Kabla ya kukata tiketi yoyote, ingia kwenye tovuti ya Bunge uangalie ratiba ya mkutano. Kila siku ya kikao ina karatasi yake inayoitwa Orodha ya Shughuli, inayoonyesha maswali yatakayoulizwa, namba zake na hoja itakayojadiliwa. Isome. Anayeingia bila kuisoma hukaa saa mbili akiuliza jirani wanazungumzia nini.

Mkutano wa bajeti ndio mrefu kuliko yote na ndio ninaoupendekeza. Kuanzia Aprili kila wizara huja na hotuba yake kwa zamu. Kama wewe ni mwalimu, nenda siku za Wizara ya Elimu. Kama unalima, nenda siku za Kilimo. Utaelewa mara kumi zaidi kuliko aliyekwenda siku ya Waziri wa Fedha kusoma bajeti kuu katikati ya Juni, siku ambayo jukwaa hujaa wageni waalikwa na mtu wa kawaida hupata nafasi kwa shida.

Katika wiki, siku yangu ni Alhamisi. Siku hiyo wabunge humwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo, na hapo huwa hakuna jibu lililoandikwa tayari na wataalamu wa wizara. Ukienda Alhamisi na Ijumaa unabakiwa na Jumamosi kwa ajili ya mnada wa Msalato, ambao tutaufikia.

Hatua ya pili: omba nafasi mapema

Njia ya kawaida ni kupitia mbunge wa jimbo lako. Mpigie yeye au msaidizi wake, au pita kwenye ofisi ya mbunge iliyopo wilayani kwenu, utoe jina lako kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA na tarehe unayotaka. Mbunge hukuingiza kama mgeni wake. Usione haya kuomba. Wageni wa wabunge ni jambo la kila siku pale, na mbunge mwenye busara hufurahi kuonekana na mpiga kura wake.

Kikundi, iwe shule, chuo, kwaya, SACCOS au chama cha wafugaji, kiandike barua kwa Katibu wa Bunge, kikieleza idadi ya watu, wanatoka wapi na wanataka kuhudhuria siku gani. Ambatanisha orodha ya majina. Barua itangulie wiki kadhaa, si siku mbili, hasa wakati wa bajeti. Weka namba ya simu ya mtu mmoja tu wa kuwasiliana naye, tena awe anapokea.

Hatua ya tatu: fika

Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Tangu Julai 2024 treni ya SGR imeifanya safari hiyo kuwa ya saa tatu na nusu hadi nne, na kwa kweli imebadilisha kila kitu: sasa mtu anaweza kuondoka Dar alfajiri na kula chakula cha mchana Dodoma. Nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, maana jina hukaguliwa. Fika stesheni mapema kwa sababu mizigo hupimwa na kukaguliwa kama uwanja wa ndege. Ukishuka Dodoma, jua kwamba hii si ile stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani iliyo katikati ya mji. Utahitaji daladala, bajaji au teksi.

Basi bado lina faida zake, hasa kwa wanaotoka Morogoro mjini, Iringa, Singida, Babati au Arusha. Mabasi ya mikoani huishia stendi kuu ya Nanenane, upande wa Nzuguni, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Soko la Job Ndugai lipo jirani, kwa hiyo ukifika na njaa huna shida. Kuingia mjini panda daladala. Anayetoka Arusha kwa barabara ya Babati na Kondoa apite mchana ili aione milima ya Kondoa. Lami ipo mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya nne: malazi na mzigo

Weka chumba kabla hujaondoka nyumbani. Wakati wa Bunge la bajeti gesti na hoteli hujaa, na bei ya chumba kilekile hupanda. Area C, Area D, Makole na Kilimani ni karibu na Bunge. Kisasa na Ipagala ni mbali kidogo, ila kuna gesti nyingi mpya na usiku ni tulivu. Uliza maji: si swali la kuonea aibu Dodoma. Uliza kama kuna tangi la akiba, na kama maji ya moto yapo.

Maji ya moto utayahitaji. Jiji lipo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku baridi huuma. Wageni kutoka pwani huja na fulana nyepesi wakidhani nyanda kame ni joto tu. Beba sweta au koti. Beba mafuta ya kupaka, kwa sababu upepo mkavu hupasua midomo na visigino. Mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, na hata hapo si nyingi. Miezi mingine ni ukavu mtupu, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali.

Nguo za kuingilia Bungeni ziwe za heshima kweli. Mwanaume avae suruali ya kitambaa na shati lenye kola, na koti au suti ya kaunda ikiwezekana. Mwanamke avae gauni au sketi inayovuka magoti, isiyobana wala kuonyesha mwili, yenye mikono. Kanzu, baibui na hijabu havina tatizo. Acha nyumbani kaptura, kandambili, jinzi zilizochanika, na nguo yoyote ya chama cha siasa.

Hatua ya tano: asubuhi ya kikao

Kikao huanza saa 3:00 asubuhi. Uwe getini saa moja na nusu, saa mbili ikizidi. Kitambulisho mkononi, si ndani ya begi. Utakaguliwa, utaandikishwa, utaelekezwa. Begi kubwa usiende nalo. Simu na kamera si vitu vya kutumia kwenye jukwaa la wageni, kwa hiyo fuata maelekezo ya walinzi kuhusu mahali pa kuviacha, na mweleze mapema anayekusubiri nje kwamba hutapatikana. Kunywa chai kabla.

Ukishakaa, tazama chini. Ukumbi huu ulianza kutumika 2006. Kabla yake Bunge lilikuwa likiketi katika ukumbi ambao leo unaitwa wa Msekwa, kwa heshima ya Spika wa zamani Pius Msekwa, na ambao bado upo kwenye eneo hilohilo. Kiti cha Spika kipo mbele. Upande wa kuume wake hukaa Serikali, Waziri Mkuu akiwa mstari wa mbele. Upinzani hukaa kushoto. Mezani, mbele ya Spika, hukaa makatibu.

Spika anaingia kwa msafara, mbele yake ikibebwa siwa, yaani rungu la heshima la Bunge. Kila mtu anasimama, nawe usimame. Husomwa dua ya kuliombea Bunge na Taifa. Kisha Katibu anaita shughuli za siku, moja baada ya nyingine, kama zilivyo kwenye ile karatasi uliyoisoma.

Maswali ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mbunge anasimama, anasema swali lake ni namba fulani, waziri au naibu wake anasoma jibu. Hapo bado hujaona kitu. Ngoja maswali ya nyongeza. Hayakuandikwa popote, na ndipo mbunge anapotaja kijiji chake, daraja lililosombwa na maji, zahanati isiyo na mganga, na naibu waziri analazimika kujibu kwa anachokijua kichwani. Usitazame anayezungumza tu. Tazama kiti cha nyuma yake, tazama anayeandika, tazama vikaratasi vinavyosafiri kutoka kwa wataalamu kwenda kwa waziri. Hayo televisheni haikuonyeshi. Kamera hufuata mdomo, na kazi ya Bunge nusu yake hufanyika kimya.

Baada ya maswali huja matangazo, na humo wageni hutambulishwa. Ukiwa na kikundi mtatajwa, mtasimama, wabunge watapiga meza. Furahini, kisha kaeni. Huo ndio wakati pekee ambapo mgeni anashiriki. Nje ya hapo mgeni hapigi makofi, haguni, hacheki kwa sauti, hamwiti mbunge wake kwa mkono. Spika ana mamlaka ya kuamuru mgeni yeyote atolewe nje.

Jifunze maneno machache ya ukumbini kabla ya kwenda. Mbunge akisema "taarifa", anataka kumpa msemaji ukweli fulani, na msemaji ataulizwa kama anaipokea. Akisema "kuhusu utaratibu", anadai kanuni imevunjwa, na msemaji lazima akae. Akiomba "mwongozo wa Spika", anataka Spika aseme jambo fulani linaruhusiwa au la. "Naomba kutoa hoja" hufunga hotuba ya mleta hoja, na wenzake husimama kuiunga mkono.

Ukibahatika, baki mpaka Bunge likae kama Kamati ya Matumizi, kwa kawaida mwishoni mwa mjadala wa kila wizara. Spika hapo hugeuka kuwa Mwenyekiti, na wabunge humwita hivyo. Vifungu vya fedha huitwa kimoja kimoja. Inapofika kwenye mshahara wa waziri, mbunge asiyeridhika hutangaza kwamba atashika shilingi. Maana yake anataka kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kutosha. Waziri atasimama, atajitetea, atabembeleza. Wabunge wengine watamsaidia mwenzao au watamsihi airudishe shilingi. Mara nyingi huirudisha. Lakini dakika zile kumi zimewahi kuzaa ahadi ambazo barua za miaka hazikuzaa, na ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aione kwa macho yake angalau mara moja.

Kura za kawaida hupigwa kwa sauti, "ndiyo" na "siyo". Bajeti kuu ni tofauti: kila mbunge huitwa kwa jina, na jibu lake linasikika na kuandikwa. Siku hiyo ipo mwishoni mwa Juni, na watu wachache huiwahi ingawa ni nzito kuliko siku ya hotuba.

Kikao husitishwa saa 7 mchana, hasa wakati wa bajeti, na kurudi baadaye jioni. Asubuhi moja inatosha kwa mgeni wa mara ya kwanza. Ukitoka na swali lililokukera, Taarifa Rasmi za majadiliano, yaani Hansard, huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Neno kwa neno.

Hatua ya sita: mchana katikati ya mji

Kutoka Bungeni hadi Nyerere Square unaweza kutembea kwa miguu kama viatu vyako vinaruhusu, la sivyo bajaji. Bustani hiyo yenye sanamu ya Mwalimu ndiyo kitovu cha mji wa zamani. Kaa hapo kidogo, ufikirie historia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kupima viwanja na kujenga. Miaka zaidi ya arobaini ikapita wizara zikiwa bado Dar. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza, hapahapa Dodoma, kwamba Serikali inahamia. CDA ikavunjwa 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Ndiyo maana utaona nyumba za udongo na maghorofa ya vioo yakitazamana.

Kutoka hapo mizunguko ni mifupi: kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010 (vaa ipasavyo, omba ruhusa, epuka saa za swala), mitaa ya maduka ya Jamatini, kisha stesheni ya reli ya zamani. Reli hiyo ndiyo iliyoufanya mji uwe mji. Wajerumani waliifikisha Dodoma karibu 1910. Malizia Soko Kuu la Majengo kwa mboga, karanga na viungo, au Sabasaba kwa mitumba.

Usiende Mtumba kwa matembezi. Ni mji wa ofisi za wizara, na bila shughuli huna cha kufanya.

Hatua ya saba: kula

Kila dereva wa bajaji anajua Chako ni Chako. Ni kuku, jioni, moshi, watu wengi. Nenda usiku mmoja. Lakini nakusihi utafute mama lishe anayepika ugali wa mtama au uwele na mlenda. Mlenda wa Kigogo hukaushwa, hutwangwa, huhifadhiwa kwa ajili ya miezi ya ukame, na ukipikwa na karanga haufanani na mlenda uliowahi kuula mahali pengine. Uliza sokoni Majengo mchana, watakuelekeza. Msalimie mzee kwa "mbukwenyi" uone uso unavyobadilika.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Nje ya miezi hiyo utapata chache na ghali. Ukitaka kuona mashamba, panda gari la barabara ya Iringa mpaka Mpunguzi, au nenda Hombolo. Wakulima ni wakarimu ukibisha hodi vizuri, na ukinunua kilo moja au mbili shambani mazungumzo hurefuka. Kwa wanywaji, mvinyo wa hapa unauzwa kila mahali.

Hatua ya nane: Jumamosi

Asubuhi, Msalato. Mnada upo kaskazini mwa mji, barabara ya Arusha, na daladala zinafika. Ng'ombe na mbuzi huuzwa, na nyama huchomwa papo hapo. Nenda kabla ya saa sita, pesa taslimu ndogondogo, viatu vya kufunika vidole. Chagua kipande mwenyewe, pimisha mbele yako, mwambie mchomaji uive kiasi gani, usiondoke hapo mpaka kiive.

Mchana, kama ni Julai, uliza tarehe za tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino tangu 2009. Ipange safari yako yote kulifuata hilo ikiwezekana. Vikundi hutoka vijijini, wanawake wakipiga ngoma za muheme wakiwa wamezibana mapajani, wazee na zeze na marimba, sauti zikipandana ngazi kwa ngazi. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliupeleka muziki huu duniani. Chamwino unausikia muziki wenyewe ukiwa kwenye asili yake. Ikulu, iliyozinduliwa rasmi Mei 20, 2023, ipo hapo. Usiipige picha.

Hatua ya tisa: Kolo

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2006. Ni mapango na miamba zaidi ya 150, na mlango wake ni kijiji cha Kolo, mbele ya mji wa Kondoa ukielekea Babati. Ondoka Dodoma na basi la kwanza la asubuhi, au lala Kondoa mjini usiku mmoja, jambo ambalo lina raha zaidi. Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale kando ya barabara. Jiandikishe, lipa, upewe mwongozaji. Usijaribu kupanda peke yako. Kutoka ofisini hadi Mongomi wa Kolo, mwamba wenye michoro, kuna mwendo, hivyo kama huna gari panga na bodaboda akusubiri.

Michoro myekundu ni ya kale zaidi, kazi ya wawindaji: watu wembamba warefu, twiga, pofu. Myeupe ilikuja baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Kwa Warangi wa hapa, Mongomi bado ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji, kwa hiyo ukikuta majivu au dalili za sadaka, pita pembeni. Usiguse mwamba hata kwa kidole, na usimwage maji juu ya mchoro ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Maji ndiyo yanayoiua.

Beba maji lita mbili, kofia, na biskuti. Hakuna duka juu.

Kurudi

Kata tiketi ya kurudi siku uliyokata ya kwenda. Ijumaa jioni treni na mabasi ya kwenda Dar hujaa watumishi na wabunge, na Jumatatu asubuhi ni hivyohivyo kwa wanaokuja. Anayetoka Kolo na kuelekea kaskazini hana haja ya kurudi Dodoma. Anasimamisha basi la Babati palepale barabarani. Zabibu nunua asubuhi ya kuondoka, zipange kwenye boksi gumu, na uzibebe mapajani.